Simba wa Busia na fundo lililosahaulika utosini

Nilipoitwa nilidhani ni ng'ombe. Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, simu ya saa moja asubuhi kwa daktari wa mifugo huwa ni ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, au ng'ombe ameshindwa kuzaa, au nguruwe wa mtu wamegoma kula wote siku moja. Mama aliyepiga alisema tu, "Dokta, Simba jicho lake limekuwa jeupe, fanya haraka." Simba wa kwake hafiki hata kilo 6. Ni mbwa jike wa aina ya Shih Tzu, manyoya marefu ya rangi ya maziwa yenye mabaka ya kahawia, aliyeletwa kutoka Kampala mwezi wa Desemba kwa ajili ya binti wa nyumba hiyo anayesoma bweni Jinja. Jina alipewa kwa mzaha. Siku niliyowaambia kwamba Wachina nao walimwita hivyo hivyo, kwani Shih Tzu kwa lugha yao ni simba, Mama alimtazama mbwa wake kwa heshima mpya.

Nilimkuta chini ya meza. Jicho la kushoto alikuwa amelifumba nusu, machozi yamechora mstari wa kutu hadi mdomoni, na kila mara anajipangusa kwa mguu wa mbele. Kwenye jicho palikuwa na ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa juu ya jicho. Mara ya mwisho nilipomwona, mwishoni mwa Februari nilipokuja kumchanja kichaa cha mbwa, alikuwa na fundo refu la manyoya yaliyofungwa utosini. Sasa ilikuwa mwisho wa Machi, fundo halipo, na mahali pake pamebaki visiki vya manyoya vya urefu wa ncha ya kidole, vimesimama kama brashi ya viatu iliyochakaa. Utosini kwenyewe, ukipapasa, palikuwa na kovu la duara, upana wa sarafu ya shilingi 100, pasipo na unywele hata mmoja.

Nilianza na jicho. Karatasi ya fluoresini ina rangi ya chungwa. Ukiilowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuigusisha ndani ya kope la chini, rangi husambaa jicho zima. Ukisuuza, inatoka. Pale ambapo utando wa juu wa konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, umechubuka, rangi haitoki, na ukimulika kwa tochi ya bluu inang'aa kijani. Simba alikuwa na doa la kijani kama punje ya mtama, upande wa ndani, karibu na pua. Sikumgusa tena. Nikamwacha apepese. Kila alipopepesa, unywele mmoja mnene uliokatwa butu ulipita juu ya doa lile lile, ukaenda, ukarudi. Nikamwita Mama aje aone. Alitazama mara tatu nne, kisha akasema taratibu, "Kumbe ni unywele tu."

Ni unywele tu, ila kwa siku unapita hapo maelfu ya mara.

Mbwa hawa wa pua fupi wana macho makubwa yaliyokaa kwenye mashimo yasiyo na kina, kama mayai juu ya visahani. Wengine wao hulala kope hazijakutana vizuri. Tena konea yao haina ukali wa kuhisi kama ya mbwa wa pua ndefu. Mbwa wetu wa kienyeji akiingiwa na punje ya mchanga mtaa mzima utajua. Shih Tzu anaweza kubeba kidonda siku kadhaa huku anakula na kutikisa mkia. Kwa hiyo Mama aliponiapia kwamba shida imeanza jana jioni, sikumwona mwongo. Aliyesahihisha ni dada wa kazi, akiwa mlangoni na sufuria mkononi: "Lakini Mama, yale matone tuliyaanza Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Matone gani? Yakaletwa. Ilikuwa chupa ya macho ya binadamu iliyobaki tangu Mzee alipougua macho, ndani yake deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, na neomaisini, dawa ya bakteria. Nikashusha pumzi. Deksamethasoni huondoa wekundu, na ndiyo sababu watu huipenda: unaweka leo, kesho jicho limetulia, unajisifu. Kumbe chini ya utulivu huo kidonda cha konea kinanyimwa nafasi ya kujifunga, na vimeng'enya vinavyokula nyama ya konea vinapata nguvu. Jicho lenye kidonda likitiwa dawa ya namna hiyo linaweza kutoboka. Mama hakukosea kwa uzembe. Alimwekea mbwa wake dawa ileile aliyomwekea mumewe, na hata bei yake alikuwa anaikumbuka.

Baada ya hapo nikaomba nisimuliwe yote tangu Desemba, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Desemba na Januari Simba hakuwa na shida. Binti alifundishwa na aliyemuuzia: asubuhi anachana, anafunga, jioni, wakati wa taarifa ya habari, anamweka mapajani, anakata kile kipira, anachana tena, analala naye hivyo nywele zikiwa wazi. Alitumia vile vipira vidogo laini vya kusukia watoto, vinavyouzwa kwa pakiti. Shule zikafunguliwa mwanzoni mwa Februari, binti akaenda Jinja, akaacha pakiti yenye vipira vichache. Vikaisha.

Sasa Mama anafanya biashara ya mitumba, leo upande huu, kesho upande wa Kenya, na katika nyumba ya mfanyabiashara wa mpakani hakuna kitu kisichokosekana kama rababendi za noti. Ziko kwenye droo, kwenye kitasa cha mlango, kwenye mkono wa Mama kama bangili. Shilingi za Uganda zimefungwa, shilingi za Kenya zimefungwa. Dada wa kazi akachukua moja, na kwa kuwa ni kubwa na kichwa ni kidogo, akaizungusha mara nne.

Mpira ule si wa nywele. Unang'ang'ania unywele na kuumeza, na siku ukiuvuta unang'oa. Dada alijaribu kuufungua kesho yake, mbwa akalia, akaacha. Siku ya tatu mbwa alilia kabla hajaguswa. Basi fundo likabaki. Ukilitazama kwa mbali lilikuwa zuri kuliko hata la binti, limesimama wima, halilegei! Chini yake manyoya yalikuwa yanasokotana kuwa kitu kama mkeka, mpira unateleza kuelekea kwenye ngozi, na mwisho ukakamata mkunjo wa ngozi yenyewe.

Wiki hiyo ndiyo niliyokuja kuchanja. Mama aliniuliza, nakumbuka vizuri: "Dokta, hili fundo linatusumbua, dada anasema mbwa analia akifunguliwa. Tufanyeje?" Nilikuwa nimeshika sindano, na kule Lumino kulikuwa na mtu ananisubiri na ng'ombe wanne. Nikamjibu, "Kateni tu." Sikuweka kidole chini ya fundo. Ningeliweka, ningekuta ngozi iliyovimba na harufu, na ningemwondolea ule mpira mwenyewe palepale. Mbwa anayelia akishikwa nywele ana kidonda mpaka uthibitishe hana. Kwa ng'ombe nisingeruka hatua hiyo. Kwa mbwa mwenye utepe kichwani niliiruka, na nadhani najua sababu: sikumchukulia kama mgonjwa. Nilimwona pambo la nyumba za watu.

Wakakata. Jioni ileile, kwa mkasi wa jikoni, fundo zima na mpira wake, na kipande cha ngozi kilichokwisha kufa kikatoka nacho siku chache baadaye. Kisha Mama, kwa kuwa manyoya ya mbele yaliyobaki yalikuwa yanamwangukia machoni, akayakata msitari mmoja ulionyooka juu ya macho, kama anavyokatwa mtoto wa shule. Ulipendeza. Tatizo ni kwamba manyoya ya mbwa huyu hayafiki mahali yakasimama kama ya mbwa wa kawaida. Yanaendelea kukua, na kwenye daraja la pua yanakua kuelekea juu na pembeni, ndiyo maana uso wake huonekana kama ua lililofunguka. Marefu hulala kwa uzito wake. Mafupi kabisa hayafiki jichoni. Yale ya katikati, yenye ncha butu za mkasi, hayana uzito wa kulala wala ufupi wa kukosa jicho. Yanachoma. Wiki nne baada ya "kateni tu" yangu, yalikuwa yamefika urefu huohuo.

Tiba yenyewe haikuwa na maajabu. Niliyapunguza yale manyoya ya kona ya ndani kwa mkasi wenye ncha za mviringo, baada ya kupaka vazilini kwenye makali ili vipande vinate kwenye mkasi visidondokee jichoni; huo ujanja mdogo niliupata kwa mwalimu wangu na umenifaa kuliko vitabu kadhaa. Karatasi ya kupima machozi ililowa zaidi ya milimita 15 kwa dakika moja, kwa hiyo ukavu wa jicho nikauondoa kwenye hesabu. Tone moja la atropini kutuliza maumivu ya ndani. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini ya 1%, ya kuzuia bakteria, mara nne kwa siku. Ile chupa ya deksamethasoni niliomba niondoke nayo, Mama akanipa shingo upande. Kola ya shingoni tuliichonga kutoka jerikani ya mafuta ya kupikia ya lita 5, kingo zake tukazivisha tyubu ya baiskeli zisimkate. Nikamwambia Mama wazi kwamba nikirudi siku ya tatu nikakuta doa limepanuka au limezama, tunapanda gari kwenda kliniki ya chuo cha mifugo Makerere, kilomita kama 200, na hakuna mjadala.

Siku ya tatu doa lilikuwa limebaki nusu. Siku ya nane rangi haikushika kitu. Ukungu mdogo umebaki, ukijua pa kutazama utauona.

Hapo kila mtu alitaka kujua nani mkosaji, na kidole cha nyumba kilikuwa kimeshaelekea kwa dada wa kazi. Mimi nilikataa. Yeye alifunga vibaya, ndiyo, lakini alikuwa mtu pekee aliyekuwa akifunga. Ukipanga makosa yetu kwa mpangilio, rababendi iliharibu utosi, mkasi wangu wa mdomo uliharibu kipaji cha uso, matone yakakaribia kuharibu jicho. Na nyuma ya yote kulikuwa na kazi ya kila siku iliyokuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo akapanda basi kwenda shule bila kazi hiyo kukabidhiwa. Watu huona fundo, wanadhani kazi ni kulifunga. Kufunga ni dakika mbili. Kazi ni kulifungua kila jioni, iwe umechoka au mvua imekuwahi, kuchana mpaka kwenye ngozi, na kuacha kichwa kipumzike.

Nisieleweke vibaya, fundo lenyewe si upuuzi wa matajiri. Kwa Shih Tzu mwenye manyoya marefu ni kinga ya macho, na hata viwango vya wafugaji wa Uingereza vinapendekeza nywele za kichwani zifungwe. Ndiyo maana binti aliposikia kwa simu kwamba nataka mbwa anyolewe uso, alikasirika, na hoja yake ilikuwa na miguu: "Dokta, kwangu alikuwa na fundo miezi miwili, aliumwa nini?" Hakuumwa chochote. Ikabidi tujaribu kwanza.

Mimi kusuka sijui. Jirani ya kibanda cha Mama pale sokoni kuna saluni, na msusi wake, mwanamke wa makamo asiyependa mbwa hata kidogo, alikubali kuja "kutazama tu." Alikuja na kitana cha mkia na pakiti ya vipira. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mimi nakosea kuyaita manyoya. "Haya ni nywele, Dokta. Yanashikika." Akachora mstari kwa ule mkia wa kitana, kutoka kona ya nje ya jicho moja, juu ya kichwa, hadi kona ya nje ya jicho la pili, masikio akayaacha nje. Kwa kuwa ya mbele yalikuwa mafupi hayafiki utosini, hakuyalazimisha. Alifunga kifundo kidogo sana mbele, juu kidogo ya macho, kisha mkia wa kifundo hicho akauingiza kwenye kifundo cha pili nyuma yake. Ngazi mbili, hakuna unywele unaodondoka. Nilitamani kupiga makofi.

Kisha tukamwangalia Simba usoni. Macho yalikuwa yamevutwa juu, weupe unaonekana pembeni, kama mtu aliyeletewa bili ya umeme. Akapepesa, kope la juu halikushuka lote. Akaenda moja kwa moja kusugua kichwa kwenye mguu wa kiti. Msusi alicheka, lakini alielewa upesi kuliko mimi: "Huyu ni kama mtoto niliyemsuka akalala macho wazi. Nimekaza." Kwa binadamu amezoea kukaza ili msuko ukae wiki tatu, na kwa kukaza huko anawajua wateja waliopoteza nywele za pembeni za kipaji. Kwa mbwa anayefunguliwa jioni, kukaa wiki tatu si sifa. Akashika nywele zilizo mbele ya kipira kwa vidole viwili, akazivuta taratibu kuelekea puani mpaka zikafanya kijimto kidogo juu ya macho. Kope likashuka. Kipaji kikaanza kuchezeka chini ya kidole. Ndicho kipimo nilichokichukua kwake: ngozi isipochezeka, fundo ni la kufunguliwa.

Na alivyolifungua ndivyo ningependa dada wa kazi angeonyeshwa Februari. Hakuvuta. Alipenyeza ncha ya kimkasi chini ya kipira, upande wa juu mbali na ngozi, akakata, kipira kikaruka. Mbwa hakugeuka hata kutazama.

Basi tukawa tunajua kwamba inawezekana. Ndipo nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mapema: "Nani atamfungua kila jioni?" Mama akamtazama dada. Dada, ambaye tangu nianze kuja nyumba ile alikuwa hajaulizwa lolote zaidi ya amefanya nini, aliweka sufuria chini. "Dokta, saa hiyo niko na watoto wawili wa kuogesha, chakula kiko jikoni, na Mama mara nyingine anafika saa tatu. Nikisema nitaweza nitakuwa nakudanganya." Hakuna aliyembishia. Mimi naona hilo ndilo jibu la maana kuliko yote niliyoyapata katika kisa kizima, kuliko hata lile doa la kijani.

Tukaamua uso ukatwe mfupi na ubaki mfupi. Si msitari wa juu ya macho. Daraja la pua na kona za ndani zinakatwa karibu na ngozi, kipaji kinakatwa kwa duara kufuata umbo la kichwa, pasibaki unywele wa urefu ule wa katikati. Msusi anafanya kila baada ya wiki tatu kwa bei ya kunyoa mtoto, na bado anasema hapendi mbwa. Dada anapangusa macho kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kazi ya dakika moja, na hiyo alisema ataiweza, na ameiweza.

Likizo ya Mei binti alirudi. Sitasimulia machozi. Alipotulia alikuja na pendekezo: yaachwe yakue, yeye atafunga kila likizo, na shule zikifunguliwa yakatwe. Lilikuwa pendekezo la mtu anayempenda mbwa wake, na ilinibidi nilikatae. Kutoka visiki hadi fundo ni miezi mingi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ile brashi ya viatu. Likizo ya Mei ni wiki chache. Kila muhula tungekuwa tunampitisha mbwa kwenye urefu uleule uliomchoma, ili apate fundo la siku kadhaa. Ama nywele zifungwe mwaka mzima na mtu ambaye yuko nyumbani mwaka mzima, ama zikatwe mwaka mzima. Nilimwambia akimaliza shule akaja kukaa nyumbani, tutayaacha yakue pamoja, kwa vile vifundo vya ngazi vya msusi, na mimi nitakuja kukagua kila wiki bila malipo. Alinijibu, "Dokta, hiyo ni miaka miwili." Nikamwambia mbwa huyu ana umri wa kuisubiri.

Agosti nilipita pale kwa ajili ya kupe. Miezi ya Februari na Machi nilikuwa naingia nyumba ile mpaka sebuleni, nasimama juu yake kabisa, ndipo anashtuka na kubweka. Nilikuwa nikimwita mlinzi wa bure. Safari hii nilizima pikipiki nje, barabarani, upande wa pili wa malori yanayosubiri forodha. Nilikuwa sijashika hata geti. Alikuwa amekaa barazani, uso umenyolewa kama wa mwanafunzi, na alikuwa ameshaniona.